Simu Kuukuu Kuwa Jicho la Kompyuta

Mwezi huu twaiweka kando mada tuliyokuwa tumeiahidi, kwa sababu imetufikia barua ambayo haifai kungojeshwa. Mama mmoja atuandikia ya kwamba kijana wake ameitwa kwenye mahojiano ya kutafuta nafasi ya masomo, na mahojiano yenyewe yatafanywa kwa njia ya intaneti, yeye akiwa nyumbani kwao nao wenye kumhoji wakiwa ng'ambo. Ameambiwa akae mbele ya kompyuta, uso wake uonekane vizuri, kisha awaonyeshe michoro ya majengo aliyoichora ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kompyuta wanayo. Ni ya mezani, waliinunua imekwisha tumika, na yafanya kazi bila ya taabu, ila haina jicho. Baba wa kijana alikwenda dukani kuuliza bei ya kamera, akarudi kimya. Na mama aendelea kusema: "Kabatini mwetu imo simu ya mume wangu ya zamani. Kioo chake kimepasuka pembeni, lakini picha zake ni safi. Je, haiwezekani simu hiyo ikawa ndiyo jicho la kompyuta?"

Yawezekana, dada yetu, na yawezekana bila ya gharama kubwa. Laiti watu wangalijua jambo hili mapema, fedha nyingi zingalisalimika katika nyumba zetu. Hapana nyumba siku hizi isiyokuwa na simu moja au mbili zilizostaafu, zimelala mtotoni mwa meza pamoja na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani. Hata hivyo jambo hili lina upande wa pili, nao ni wa kuweka jicho ndani ya nyumba ya watu wenye heshima zao. Upande huo hukuuliza, lakini tusipoutaja tutakuwa tumekupa nusu ya jawabu.

Labda msomaji atauliza: kwa nini kijana asizungumze kwa simu yenyewe, akaachana na kompyuta? Kwa mazungumzo ya kujuliana hali, na afanye hivyo. Lakini mtu anayetakiwa aonyeshe michoro, afungue karatasi, na aandike huku anasikiliza, atataka kioo kikubwa mbele yake na mikono yake iwe huru. Simu ikimpa sura na kompyuta ikafanya hayo mengine, kila chombo kitakuwa kimetiwa kwenye kazi yake.

Wala asidhani mtu kuwa hii ni hila ya maskini. Kamera ya kwanza ya namna hii ilianza kama hila vile vile. Katika mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa na mtungi mmoja wa kahawa tu, umewekwa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room. Waliokaa mbali walikuwa wakishuka ngazi na vikombe vyao, na walipofika wakiukuta mtungi mtupu. Basi Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakachukua kamera, wakaielekeza kwenye mtungi, wakaandika programu ya kuipeleka picha yake kwenye kompyuta za wenzao, ili mtu ajue kama kahawa ipo kabla hajasumbua miguu yake. Picha ilikuwa ya rangi ya majivu, pikseli 128 kwa 128, nayo ilibadilika kama mara tatu kwa dakika. Mwezi wa Novemba 1993 ikaunganishwa na intaneti, na watu wa dunia nzima wakawa wanautazama mtungi ambao hawatakunywa kutoka humo hata tone. Kamera hiyo ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na mtungi ukauzwa kwa mnada kwa paundi 3,350, ukanunuliwa na jarida la Ujerumani, Der Spiegel. Sisi watu wa pwani twaijua kahawa na barza zake, lakini hatujapata kusikia buli likiuzwa kwa bei hiyo.

Mwaka 1994 ikaja QuickCam ya kampuni ya Connectix, mpira mdogo wa kijivu uliouzwa kwa kiasi cha dola 100, wenye kutoa picha ya pikseli 320 kwa 240 isiyo na rangi. Toka hapo kamera za kompyuta zimeendelea, lakini polepole. Watengenezaji walishindana katika simu, na huko ndiko walikomwaga fedha zao. Laptopu nyingi, hata zilizouzwa miaka hii ya karibuni, zimetiwa kamera ya pikseli 1,280 kwa 720, hali ya kuwa simu ya kawaida ya miaka saba au minane iliyopita hutoa kwa wepesi picha yenda ya pikseli 1,920 kwa 1,080, ambazo ni zaidi ya mara mbili. Tena kioo cha kamera ya simu ni kizuri zaidi, nayo huvumilia mwangaza hafifu wa vyumba vyetu. Mwaka 2020, wakati watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona, kamera za kompyuta zikaadimika madukani, na zilizokuwako zikapanda bei. Hapo ndipo wengi walipokumbuka kuwa kamera bora kuliko hiyo wanayoitafuta imo mifukoni mwao.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya.

Kompyuta haijui kitu kinachoitwa simu kuwa kamera. Inajua kamera tu. Kwa hiyo hutakiwa programu mbili: moja hutiwa ndani ya simu, kazi yake kuichukua picha na kuituma, ya pili hutiwa ndani ya kompyuta, kazi yake kuipokea picha hiyo na kujitangaza kwa programu nyingine zote kwamba, "Mimi ni kamera." Zoom au Google Meet itakapouliza kamera iko wapi, itaonyeshwa hiyo, nayo itaichukua bila ya kushuku. Programu za kazi hii ni nyingi. Zijulikanazo zaidi ni DroidCam, Iriun na Camo. Huanza bure, kisha wenyewe hutaka malipo kwa mambo ya ziada, na baadhi ya programu za bure hutia alama yao pembeni mwa picha. Kwa kijana wa kuhojiwa, ya bure yatosha, ila itazamwe kwanza kama alama hiyo haimkai usoni.

Wenye simu na kompyuta mpya wamepunguziwa hata kazi hiyo. Mwenye iPhone XR au ya baada yake, na kompyuta ya Mac yenye mfumo wa Ventura uliotoka mwaka 2022 au wa baadaye, hahitaji kutia chochote. Vyombo hivyo viwili vyajuana vyenyewe. Upande wa Android, toleo la 14, lililotoka mwaka 2023, lilileta uwezo wa simu kuchomekwa kwa waya na kuonekana na kompyuta kama kamera halisi. Simu za Pixel ziliupata uwezo huo mwezi wa Desemba mwaka huo, lakini si kila mtengenezaji aliyeutia katika simu zake. Nao Microsoft mwaka 2024 walianza kuwawezesha watumiaji wa Windows 11 kuitumia simu ya Android kama kamera. Lakini wewe, dada yetu, umesema simu ni ya zamani na kompyuta ni ya mkono wa pili, basi twakushauri uifuate ile njia ya programu mbili, nayo haina ugumu.

Njia za kuunganisha ni mbili, waya na waifai. Juu ya waifai pana dhana moja ambayo imewatia watu wengi khofu bure. Hudhani kwamba simu ikituma picha kwa kompyuta kwa njia hiyo, bando litaliwa mara mbili. Sivyo. Picha itokayo kwenye simu hupita katika ruta iliyomo ndani ya nyumba na kuingia kwenye kompyuta, haitoki nje ya mlango. Kinacholipiwa ni yale mazungumzo yenyewe kutoka kompyuta kwenda ng'ambo na kurudi. Haya ndiyo ya kuhesabiwa: picha ikipita kwa megabiti 1 kila sekunde, saa moja hula megabaiti 450, na hiyo ni kwa upande mmoja tu, nao wale wa ng'ambo picha yao nayo yaja. Kwa hiyo mwenye bando dogo asiipandishe picha hadi ukali wake wa mwisho. Pikseli 1,280 kwa 720 zatosha kabisa, kwani aghalabu programu ya mazungumzo itaipunguza picha kwa kadiri ya nguvu ya mtandao, hata ungalipeleka picha ya sinema.

Nyumba isiyokuwa na ruta, itumie waya. Na hata yenye ruta, kwa jambo lenye uzito kama mahojiano, sisi twapenda waya, kwa sababu haukatiki jirani anapowasha chombo chake wala watoto wa chumba cha pili wanapofungua michezo yao. Lakini jihadharini na waya wenyewe! Zimejaa madukani waya za bei ndogo ambazo ndani yake mna njia za umeme wa kuchaji tu, njia za kupitishia khabari hazimo. Kwa macho hazitofautiki. Mtu huchomeka, akaona simu yachaji, akatia programu, akaitoa, akaitia tena, jioni nzima ikampotea, na kosa lilikuwa katika waya. Waya uliokuwa ukihamishia picha kutoka simu hiyo kwenda kompyuta ndio wa kuutafuta.

Baadhi ya programu, zikitumia waya kwenye Android, hutaka iwashwe ruhusa moja iliyofichwa ndani ya mipangilio, ile waliyowekewa watengenezaji wa programu. Maelekezo yake huja pamoja na programu. Iwashwe wakati wa kazi, na kazi ikisha izimwe, maana huo ni mlango mpana, na mlango mpana hauachwi wazi usiku.

Yote hayo twayasema kwa kuwa tumeyajaribu, na tumepata kuaibika. Binti wa ndugu yetu alikuwa na mahojiano ya kazi, akatuomba tumtengenezee mambo. Tukamtengenezea. Simu ikawekwa juu ya rafu, picha ikawa safi, mwangaza mzuri, nasi tukajisifu kimoyomoyo. Wakubwa walipoanza kumwuliza swali la tatu, simu ile ikalia. Ilikuwa bado ina laini, na shangazi mtu alikuwa anataka kujua kama mahojiano yamekwisha. Picha ikaganda, kisha ikawa nyeusi kabisa. Binti akabaki sauti peke yake, na sisi twahangaika nyuma ya rafu kama wezi. Wale waungwana walikuwa wapole, wakamngoja, na kazi akaipata. Lakini zile dakika nne hatutazisahau. Basi simu itakayofanywa kamera itolewe laini kabisa. Ikiwa yatumia waya, itiwe katika hali ya ndege, na ikiwa yatumia waifai, itiwe katika hali hiyo kisha waifai peke yake irudishwe. Kengele za kuamsha nazo zizimwe, na adhana za programu vile vile kwa saa hiyo moja, maana nyumba ina watu wa kumkumbusha.

Jambo jengine lililotutokea siku hiyo hiyo ni joto. Simu ikipiga picha bila ya kupumzika, na kioo chake kinawaka, na papo hapo inachajiwa, hupata moto, na ikizidi hujizima yenyewe. Ivuliwe ganda lake, isiwekwe penye jua la dirishani, na mwangaza wa kioo upunguzwe kabisa. Ijulikane pia kwamba tundu la kawaida la USB 2.0 katika kompyuta za zamani hutoa umeme wa miliampia 500 tu, nao waweza kuwa mdogo kuliko uliwao na kamera. Kwa hiyo simu iliyochomekwa yaweza kupungua chaji huku imechomekwa. Ianze ikiwa imejaa. Na lau betri ya simu kuukuu imevimba, hata ikiwa kidogo, hata kama yadumu na chaji, hiyo haifai kwa kazi hii wala kwa kazi nyingine. Isichajiwe tena, wala isitobolewe, wala wasipewe watoto kuichezea.

Kuiweka simu mahali pake ni nusu ya kazi. Jicho la kamera liwe sawa na jicho la mwenye kusema, nalo liwe karibu na kioo cha kompyuta, juu yake au ubavuni, ili kijana akiwatazama wenziwe aonekane anawatazama. Kamera iliyowekwa chini hupiga matundu ya pua na dari, na hapana mtu aliyepata nafasi ya masomo kwa dari yake. Stendi ya miguu mitatu ikiwako ni vyema. Isipokuwako, boksi la viatu lililokatwa mfereji, au mkebe wa maziwa uliotiwa mchanga, vyafaa. Vitabu navyo huinua simu vizuri, ila tumewahi kuona msahafu umewekwa chini ya simu katika rundo la vitabu, na hilo tumelikataza papo hapo. Mwangaza na uje kwa mbele. Dirisha likiwa nyuma ya mtu, yeye huwa kivuli cheusi, hata kama simu ni ya bei gani. Tumia kamera ya nyuma ya simu, kwani ndiyo yenye nguvu. Ile ya upande wa kioo ni ya kujitazamia.

Na kijana asishtuke akijiona kwenye kioo kama ajionavyo katika kioo cha kabati, maandishi ya fulana yake yamegeuka. Zoom, na nyingine mfano wake, humgeuzia mtu sura yake mwenyewe kwa kuwa ndivyo alivyozoea kujiona. Wale wa upande wa pili wamwona sawasawa.

Hapa tuseme neno juu ya faida moja ambayo twaipenda kuliko hizo nyingine. Wako wazazi, khasa walio katika miji ya Ulaya na Marekani ambako chuo cha Qur'ani hakipo karibu, wanaowasomesha watoto wao kwa mwalimu aliyeko Zanzibar, Lamu au Mombasa kupitia kompyuta. Mwalimu husikia sauti, lakini kutamka herufi ni jambo la mdomo na ulimi, na picha chafu haimwonyeshi kama mtoto amezitenga thaa na siin. Simu ikiwekwa karibu, pembeni mwa kompyuta, mwalimu auona mdomo. Tena mtoto anapoandika ubaoni au daftarini, simu hugeuzwa itazame chini, ikainamishwa juu ya meza, mwalimu akaona kalamu inaanzia wapi na inaishia wapi. Laptopu haiwezi kuinama hivyo. Hata bibi anayefundisha kusuka ukili kwa wajukuu walio mbali ataipata faida hii, maana mafunzo yake yote yamo vidoleni.

Tumekwisha kusema kuwa jambo hili lina upande wa pili. Mgeni ajapo nyumbani kwetu hupiga hodi. Husimama nje, akangoja, wenye nyumba wakajistiri, ndipo akakaribishwa. Kamera haipigi hodi. Ikishafunguliwa, wale watu watano walioko ng'ambo wamekwisha kuingia chumbani, na dada aliyetoka kuoga hana khabari, na bibi aliyelala kwenye mkeka hana khabari. Kwa hiyo hodi itabidi ipigwe na watu wa nyumba wenyewe. Mwenye kuzungumza awaambie wote kabla, ataje saa ya kuanza na ya kumaliza, na mlango wa chumba ufungwe. Twaonelea bora simu itazame ukuta mtupu, mtu akae baina yake na ukuta huo, na mlango uwe upande wa nyuma ya simu, hata mtoto akiingia mbio asiingie ndani ya picha. Kuna programu zinazoweza kuitia ukungu picha iliyo nyuma ya mtu, lakini ukungu huo huwa na matundu; mtu apitaye huonekana kipande kipande. Usiutegemee kwa sitara.

Na ziko kamera zinazotazama bila ya mtu kujua kuwa zatazama. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wilaya ya shule ya Lower Merion iliwapa wanafunzi laptopu za kusomea, na ndani yake mlikuwa na programu ya kuzitafutia zikipotea, ambayo iliweza kupiga picha kwa siri. Kijana mmoja akaitwa na msaidizi wa mkuu wa shule, akaonyeshwa picha yake aliyopigwa akiwa chumbani kwake. Wazazi wake wakashitaki mwaka 2010. Uchunguzi ukagundua kwamba zilikuwa zimechukuliwa picha zaidi ya 50,000, za kamera na za kioo cha kompyuta, na mwezi wa Oktoba wilaya hiyo ikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Hao walikuwa walimu wa watoto, si wezi wa mtandaoni.

Kwa hesabu hii simu kuukuu ina heri kuliko kamera iliyojengwa ndani ya laptopu, kwani yaondoka. Mazungumzo yakisha, ichomolewe, programu ifungwe, irudishwe kabatini kifudifudi. Lakini maadamu inafanya kazi, yapasa kuchungwa. Baadhi ya programu hizi, zikitumia waifai, huiweka picha wazi kwa yeyote aliyemo katika waifai hiyo hiyo: jirani mliyempa nywila mwaka juzi aweza kuandika namba fulani katika kompyuta yake akawaona. Pakiwa na mahali pa kutia nywila ndani ya programu, itiwe. Pasipokuwapo, tumieni waya. Tazameni pia ile nukta ya kijani juu ya kioo cha simu, ambayo simu za iPhone zimekuwa nayo tangu mfumo wa 14 wa mwaka 2020, na za Android tangu toleo la 12 la mwaka 2021. Nukta ikiwaka, kamera imefunguka. Ikiwaka na hapana anayezungumza, ulizeni kwa nini. Simu za zamani zaidi hazina nukta hiyo, nazo hazipati tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo isibaki ndani yake picha za jamaa, wala barua, wala akaunti ya kutumia fedha. Ifutwe yote, itiwe programu ya kamera peke yake.

Nakuonya jambo moja jengine, dada yetu, kwa kuwa hukueleza mahojiano hayo yasimamiwa vipi. Ikiwa ni mazungumzo tu, hapana neno. Lakini ikiwa ndani yake mna mtihani wenye kusimamiwa kwa kamera, iko mitihani ambayo haikubali simu kuwamo chumbani hata ikiwa imezimwa, na iko programu ya usimamizi inayoikataa kamera isiyokuwa ya kweli. Kijana aandike sasa hivi kuwauliza, awaeleze kwamba kamera yake ni simu. Si aibu. Aibu ni kukataliwa mlangoni siku yenyewe ukiwa umekwisha vaa kanzu.

Kisha siku mbili kabla, mfanye mazoezi kamili. Mpigieni ami yake aliyeko Maskati, saa ile ile ya mahojiano, ili mjue mwangaza wa saa hiyo na nguvu ya mtandao wa saa hiyo, nao mazoezi yaendelee dakika arobaini bila ya kukatwa, kwa sababu simu haipati moto katika dakika tano. Kijana afungue michoro yake na kuieleza. Ami aulizwe: wauona uso? Waisikia sauti, au ina mwangwi? Ikiwa ina mwangwi, maikrofoni mbili zimefunguka kwa pamoja, ya simu na ya kompyuta; moja izimwe, na kijana avae hedifoni.

Ama kioo cha simu kilichopasuka pembeni, hakitakudhuruni kitu, kwani jicho lililo kali liko upande wa nyuma. Lipanguseni tu kwa kitambaa laini kikavu kabla ya kuanza, maana simu iliyokaa kabatini miaka miwili haikosi vumbi.